Kulegeza Mkono

Katika maisha ya binadamu liko swali moja ambalo halina budi kumfikia kila mtu, awe tajiri au maskini, msomi au asiyejua kusoma. Swali lenyewe ni hili: ni wakati gani mtu anapaswa kushikilia, na ni wakati gani anapaswa kuachia? Wahenga wetu walilijibu pande zote mbili. Walitwambia kwamba mvumilivu hula mbivu, kisha wakatwambia kwamba mshika mawili moja humponyoka. Ukiifuata methali ya kwanza utashikilia mpaka mwisho. Ukiifuata ya pili utaachia. Wahenga hawakutwambia ni lini tuitumie ipi. Kazi hiyo walituachia wenyewe.

Mimi nimesaidiwa sana katika jambo hili na kitenzi kimoja cha Kiebrania, lugha ambayo sikuisoma chuoni bali nilijifunza ukubwani, herufi baada ya herufi, nikiwa na kamusi mkononi. Kitenzi hicho ni rafah. Kimetumika mara nyingi katika Agano la Kale, lakini msomaji wa Biblia ya Kiswahili hawezi kukitambua, kwa sababu wafasiri walilazimika kukitolea neno tofauti kila mahali: hapa kuacha, pale kulegea, kwingine uvivu, kwingine kudhoofika, kwingine kupungukia. Hawakukosea. Hata hivyo, mtu akiyakusanya mahali pamoja maneno hayo yote yaliyotawanyika, ataona kwamba Waebrania waliweka ndani ya kitenzi kimoja swali lile lile ambalo wahenga wetu walilifunga katika methali mbili.

Maana yake ya asili ni kulegea na kushuka. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 19, siku hulegea kuelekea jioni. Katika Isaya 5, majani makavu hulegea ndani ya mwali wa moto. Katika maono ya Ezekieli, viumbe hai wanaposimama huzilegeza mbawa zao zikashuka. Lakini mahali pake hasa ni mikononi. Mwana wa Sauli aliposikia kwamba Abneri, jemadari wake, ameuawa, mikono yake ililegea. Na Israeli wote wakafadhaika.

Kwa Mswahili hakuna lililo geni hapo. Sisi nasi husema kamba imelegea, mikono imelegea, na mtu asiyejali kazi au imani yake tunamwita mlegevu. Kinyume cha kulegea kwetu ni kukaza. Kwao ni hazaq, yaani kuwa imara, kukaza, kushika sana. Musa alipowatuma wapelelezi kwenda Kanaani, aliwaagiza watazame kama wenyeji wa nchi ni hodari au dhaifu, na maneno aliyotumia yalikuwa haya mawili, hazaq na rafeh. Isaya 35 inapotaka watu waliokata tamaa watiwe nguvu, inaagiza mikono iliyolegea ikazwe. Tena kitenzi chao hunyumbuka kwa namna inayofanana na ya chetu. Kama sisi tunavyotoka kwenye legea tukapata legeza na jilegeza, wao nao huugeuza mzizi wa herufi tatu wakapata kulegea, kulegeza au kuachia, na kujilegeza. Herufi ya katikati mara husomeka f na mara p, lakini ni herufi ile ile. Msomaji asilichanganye neno hili na rafa lenye maana ya kuponya. Yanakaribiana kwa sauti, na mara moja moja waandishi wa kale waliyachanganya kwa tahajia, lakini mizizi ni miwili.

Basi tuanze na upande wa lawama, maana ndio unaojulikana zaidi. Kitabu cha Mithali, sura ya 18, kinasema kwamba anayejilegeza katika kazi yake ni ndugu yake mharibifu. Yoshua anayauliza makabila saba ambayo hayajapata urithi yatajilegeza mpaka lini. Na Nehemia, alipokuwa akiujenga upya ukuta wa Yerusalemu, aliitwa mara nne na Sanbalati na Geshemu wakutane katika bonde la Ono. Kila mara alijibu kwamba ana kazi kubwa, akauliza kwa nini kazi isimame wakati yeye ameiachia ili awashukie wao. Kitenzi alichotumia ni hiki chetu. Mistari michache mbele anaeleza shabaha ya vitisho vyao, akikitumia tena: walitaka mikono ya wajenzi ilegee. Ukuta ulikwisha kwa siku 52. Hapo hakuna mashaka. Kulegeza kungekuwa kosa, na Nehemia alifanya vyema kukataa.

Lakini tazama ni nani mwingine anayelitumia neno hili kwa lawama. Katika Kutoka, sura ya 5, Waisraeli walioko utumwani wanaomba ruhusa ya safari ya siku tatu jangwani wakamtolee Mungu wao dhabihu. Farao anajibu kwa kuwanyima majani ya kufyatulia matofali, na hesabu ya matofali inabaki pale pale. Sababu anayotoa ni kwamba watu hawa ni nirpim, walegevu, wavivu. Wasimamizi wa Kiisraeli walipomwendea kulalamika, alilirudia neno hilo mara mbili kwa mkupuo mmoja. Watu ambao migongo yao ilikuwa imepinda kwa kazi waliambiwa kwamba wamelegea! Ugonjwa huu haukufa pamoja na Farao. Mara nyingi anayemwita mwenziwe mvivu ni yule anayekula jasho lake.

Iko lawama nyingine ya namna hiyo, na hii ina ushahidi hata nje ya Biblia. Wakati Wababeli walipouzingira Yerusalemu, wakuu walimshtaki Yeremia kwa mfalme kwamba analegeza mikono ya askari waliosalia mjini, kwa kuwa aliwaambia watu ukweli ambao hakuna aliyetaka kuusikia. Wakamtupa katika shimo lenye matope. Sasa, mwaka 1935, wachimbuaji walioongozwa na James Leslie Starkey walipata katika lango la mji wa kale wa Lakishi vigae vilivyoandikwa barua kwa wino, vya siku za mwisho za ufalme wa Yuda. Katika kimojawapo, kinachoitwa barua ya 6, ingawa wino umefifia mahali mahali, mwandishi analalamika kwamba maneno ya wakuu si mema, yanalegeza mikono. Ni usemi ule ule, wa nchi ile ile, wa miaka ile ile. Wakuu walimshtaki nabii kwa kulegeza mikono ya watu, na huko Lakishi mtu aliwashutumu wakuu kwa jambo hilo hilo. Kila upande uliona mikono ikilegea, na kila upande ulimnyoshea kidole mwingine. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba neno lenyewe haliwezi kutoa hukumu. Ni lazima tuulize mikono hiyo ilikuwa imeshika nini, na nani anayetaka iendelee kushika.

Tugeukie sasa upande wa pili, ambako kulegeza si lawama bali ni ombi. Wazee wa Yabesh-Gileadi, walipozingirwa na Nahashi Mwamoni aliyetaka kumng'oa kila mmoja wao jicho la kuume, walimwomba awalegezee siku saba. Binti Yeftha, ambaye baba yake alikuwa ameweka nadhiri ya haraka kabla ya vita, alimwomba baba amwachie miezi miwili aende milimani na wenzake aulilie ujana wake. Kila nikiisoma habari hiyo hunijia uchungu. Baba yule aliukaza mkono wake juu ya nadhiri, jambo ambalo angepaswa kulilegeza. Akamwachia mwanawe, ambaye angepaswa kumshika. Mtoto ndiye aliyelijua neno sahihi, lakini akalitumia kuomba miezi miwili tu.

Na kuna mwanamke Mshunami katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4. Mtoto wake wa pekee amekufa. Anakwenda mbio kwa Elisha mlimani, anaishika miguu yake. Gehazi, mtumishi, anasogea amwondoe, bila shaka kwa nia njema ya kulinda heshima ya bwana wake. Elisha anamwambia amwachie, kwa kuwa roho yake ndani yake ina uchungu. Kitenzi ni kile kile. Angalia jinsi mambo yalivyo: mwanamke ameshika miguu, na Gehazi anataka kumshika mwanamke. Anayeambiwa alegeze ni Gehazi. Mwanamke hakuambiwa aiachie miguu ya nabii. Misibani kwetu nimewaona akina Gehazi wengi, wanaume kwa wanawake, wakimzunguka mfiwa na kumwambia, "Jikaze, jikaze." Pengine jambo jema zaidi lingekuwa wao kulegeza kidogo, wamwache mtu alie.

Kwa mifano hii ndugu msomaji aweza kuona kanuni ikianza kujitokeza. Panapoombwa kulegeza, mara nyingi kilichoshikwa ni mtu mwingine. Panapokatazwa kulegeza, kilichoshikwa ni wajibu, au haki, au mtu anayetutegemea. Ayubu alisema kwamba ameushika uadilifu wake wala hatauachia, nasi tunamheshimu kwa hilo. Lakini Ayubu huyo huyo, sura ya 7, alimlalamikia Mungu kwamba hamwachii hata kitambo cha kumeza mate. Katika Wimbo Ulio Bora, mpenzi akimpata ampendaye anamshika wala hamwachii. Kushika kwa mpenzi na kushika kwa mlinzi wa gereza huelezwa kwa kitenzi kimoja, lakini anayeshikwa anajua tofauti. Kumshika mtu mkono na kumfunga mikono ni mambo mawili.

Sasa tuje kwenye mstari unaojulikana kuliko yote yenye neno hili. Ni mstari wa 10 wa Zaburi ya 46. Katika Biblia ya Kiebrania ni wa 11, kwa kuwa wao huhesabu na kichwa cha zaburi. Mungu mwenyewe anasema, na neno lake la kwanza ni harpu. Ni amri, inaelekezwa kwa watu wengi, nayo ni ya kutendesha: legezeni, achieni. Baada ya hapo wanaambiwa wajue kwamba yeye ndiye Mungu.

Neno hili limesafiri safari ndefu. Wafasiri wa kale wa Kiyunani waliliandika scholasate, yaani jipeni nafasi, kaeni bila shughuli. Ni wa ukoo wa neno lao la mapumziko, ambalo kwa njia ya Kilatini na Kijerumani limetupa sisi shule, na kwa njia ya Kiingereza likawapa ndugu zetu wa Unguja skuli. Kilatini kikasema vacate, muwe na wasaa. Luther akawaambia Wajerumani watulie, na Biblia ya Waingereza ya mwaka 1611 nayo ikawaambia watulie. Kwa njia hiyo, amri iliyohusu mikono iligeuka polepole ikawa amri inayohusu kinywa na moyo. Watu wengi leo wakiusikia mstari huu huona chumba kimya, mtu amefumba macho, anapumua taratibu. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 ilichagua "Acheni", nami naona ilikaribia Kiebrania kuliko hao wengine, kwa sababu mtu huacha kitu alichokuwa akikifanya au alichokuwa amekishika.

Lakini waachie nini? Kitenzi hakisemi. Hakuna jina baada yake, na ndiyo maana kila mhubiri hujaza pengo hilo kwa apendalo: acheni wasiwasi, acheni shughuli, acheni manung'uniko. Jibu, hata hivyo, si la kubuniwa, kwa maana limo katika mstari unaotangulia. Huko Mungu anakomesha vita mpaka miisho ya dunia. Uta anauvunja, mkuki anaukata, magari anayateketeza kwa moto. Mara tu baada ya hapo linakuja neno harpu, na baada yake Mungu anatangaza kwamba atatukuzwa katika mataifa. Wanaosemeshwa basi, kwa kadiri ninavyoelewa, ni kwanza kabisa wale wenye uta na mkuki mikononi. Ni sauti ya mtu anayeingia kati ya wapiganaji na kusema: tupeni chini! Wenyeji wa mji waliokuwa wakiogopa wanaweza kupata faraja kwa kuisikia, lakini amri yenyewe inawahusu zaidi waliokuja kuwapiga.

Haya si mambo ya kamusi peke yake. Nilikuwapo katika kikao kimoja cha ukoo, ambako mjane mmoja alikuwa akidai shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Mashemeji walikuwa wamekwisha kulima nusu yake na kupanda mahindi. Mzee mmoja, mtu wa dini na wa heshima, alifungua zaburi hii akasoma, kisha akamwambia, "Mama, neno la Mungu limesema uache. Waachie, Mungu anajua." Kimya kikapita. Kisha mjane akasema, bila kupaza sauti, "Mzee wangu, mimi nimeshika nini hata niache? Wenye jembe ni wao."

Nimewasikia wahubiri wengi wakiufafanua mstari huo, na sijasikia aliyeufafanua vizuri kuliko yeye. Hakujua Kiebrania hata herufi moja. Lakini aliuliza swali ambalo kitenzi hicho kinamtaka kila msomaji aulize: kitu kiko mkononi mwa nani? Amri ya kulegeza humwendea aliyeshika. Kumwambia aliyenyang'anywa kwamba alegeze ni kuichukua amri iliyotolewa kwa mwenye mkuki na kumpelekea aliyechomwa. Baadaye mama yule alikwenda baraza la kata, na kwa kuwa sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume, mashemeji hawakuwa na la kusema. Alirudishiwa shamba. Sidhani kama alimwasi Mungu kwa kwenda huko.

Yupo atakayeniuliza: je, ikiwa Mungu mwenyewe ndiye anayemwambia mtu alegeze, si lazima atii? Kwa hilo jibu liko katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 9. Waisraeli wametengeneza ndama. Mungu amekasirika, naye anamwambia Musa amwachie ili awaangamize watu wale, kisha atamfanya Musa kuwa taifa kubwa kuliko wao. Kitenzi ni hicho hicho: nilegezee, niachie. Amri ilikuwa wazi, na ilikuwa na zawadi ndani yake. Musa hakulegeza. Alianguka chini siku 40, usiku na mchana, akiwaombea, na watu wakapona. Walimu wa Kiyahudi katika Talmudi, wakiifafanua habari hii, walisema kwamba Musa alimshika Mungu kama mtu amshikavyo mwenziwe nguo. Pia waliona kwamba yule anayesema "niachie" anakiri kwamba ameshikwa; kwa hiyo Musa akajua kuwa jambo lile limo mikononi mwake. Nami sioni mahali popote ambapo Musa alilaumiwa kwa kung'ang'ania huko.

Nafikiri ni kwa sababu alikuwa amemshika Mungu kwa ahadi yake mwenyewe. Katika kitabu hicho hicho, na tena mwanzoni mwa kitabu cha Yoshua, Mungu anaahidi kwamba hatamlegezea mkono mtu wake wala hatamwacha. Lo arpekha: sitakuachia. Wafasiri wetu waliandika kupungukia, na ni neno zuri, lakini ndani yake umo mkono usiofunguka. Yeye anayewaamuru mataifa walegeze silaha ndiye anayesema kwamba hatalegeza. Hapo mwanzo niliona kama mgongano. Sasa naona ni jambo moja. Mkono ulioshika mkuki hauna nafasi ya kumshika mtu.

Sisemi kwamba mambo yote yanakuwa mepesi baada ya hapo. Wazazi hukesha wakijiuliza kama kijana wao aliyepotoka washikiliwe au aachwe aende akajifunze na ulimwengu. Ndugu huzunguka kitanda cha mgonjwa aliyechoka, ambaye dawa hazimfai tena, na hawajui kama kumrudisha nyumbani ni kumwachia au ni kumshika vizuri zaidi. Hakuna kitenzi cha Kiebrania kitakachokata shauri kwa niaba yao. Lakini naamini wanaweza kusaidiwa na maswali matatu. Nimeshika nini: ni mtu, au ni mamlaka yangu juu ya mtu? Nikiachia, nani ataanguka? Na huyu anayeniambia nilegeze, mikononi mwake mwenyewe mna nini? Ndugu anayemrudisha mgonjwa nyumbani, akakaa kando yake usiku kucha, ameachia dawa, mgonjwa hajamwachia.

Mwishoni mwa Zaburi ya 138 mwimbaji anamwomba Mungu asiziachie kazi za mikono yake. Anatumia kitenzi hiki, na kazi anayoiombea ni yeye mwenyewe. Mtu anayeomba hivyo asubuhi anajua mchana wake una nini: yuko mtoto, yuko mzee, yuko jirani mwenye kesi, ambao hawana budi kumwomba yeye vivyo hivyo.